Mama ana haki ya kuambiwa mwisho wa muvi

(1)

Wiki hii siongelei chanjo. Wiki hii nina ugomvi na watu wa muvi.

Sijakosea ukurasa. Nawasema wale wapenzi wa filamu waliomo kwenye kila grupu letu: la kliniki, la chekechea, la ukoo, la kikoba. Ijumaa jioni utamwona mmoja katupia: "Jana nimecheki hii kitu, kumi kwa kumi, asiikose mtu." Chini kaweka picha ya muvi, alama za moto tatu na kikaragosi kinacholia. Mwingine anajibu: "Mimi nimeipa tisa, mwisho umenimaliza kabisa." Sasa wewe mama wa watu uliza, huo mwisho una nini? Utarushiwa mawe. "Aaa, usituharibie utamu! Humu hakuna kusimulia!"

Mimi nasema simulieni. Na nitaeleza kwa nini, kwa urefu, kwa hiyo tafuta kiti. Anayenyonyesha abadilishe titi kabisa.

(2)

Kwanza hiyo namba. Kumi kwa kumi maana yake nini? Maana yake wewe umeipenda. Basi. Haijasema ndani kuna nini, haijasema inamfaa nani, haijasema anayeiangalia yuko kwenye hali gani.

Hata zile namba kubwa za mtandaoni watu wanazisoma vibaya. Kuna tovuti ya Wamarekani inaitwa Rotten Tomatoes, ipo tangu 1998. Mtu akiona asilimia 95 anadhani muvi imepata maksi 95, kama mtihani. Sivyo. Maana yake kati ya wakosoaji mia, 95 wamesema inafaa kuangaliwa. Wote 95 wanaweza kuwa wameipenda kiasi tu, na asilimia ikabaki ile ile. IMDb wao wanapiga kura kuanzia moja hadi kumi, halafu inatolewa wastani. Letterboxd wanatoa nyota, nusu hadi tano. Sehemu zote hizo kinachopimwa ni utamu mdomoni mwa aliyekula.

Huku kwetu tunasema "muvi kali". Sawa. Kwenye kazi yangu, mtu akiniambia dawa ni kali naanza kuuliza: kali kwa nani? Ana kilo ngapi? Ana mimba? Ananyonyesha? Ana miezi mingapi? Hata hiyo panadoli ya maji mnayoiona ya kawaida tunapima kwa kilo za mtoto. Hakuna nesi anayesimama mlangoni kupiga kelele "dawa hii kumi kwa kumi, nyweni wote!" Lakini muvi tunafanyiana hivyo kila wiki, na tunafanyiana kwenye magrupu ambayo nusu ya waliomo ni mama kijacho na nusu nyingine wana watoto wadogo mapajani.

(3)

Nitoe mfano mmoja mzito, kwa sababu ndio ulionitoa kwenye kiti.

Ipo filamu inaitwa Pieces of a Woman. Ilionyeshwa kwanza Venice mwaka 2020, Januari 2021 ikaingia Netflix. Mwigizaji mkuu, Vanessa Kirby, alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike huko huko Venice, kisha akateuliwa kuwania Oscar. Mwongozaji ni Kornél Mundruczó, Mhungaria, na aliyeandika ni Kata Wéber. Wapenzi wa filamu wanaisifia sana kwa ajili ya sehemu moja karibu na mwanzo: mama anajifungua nyumbani, na kamera inamfuata dakika 24 hivi bila kukatwa hata mara moja. Uchungu, kichefuchefu, kuingia kwenye maji, mkunga aliyekuja badala ya yule waliyempanga, mapigo ya moyo wa mtoto kushuka. Mtoto anazaliwa. Analia. Mama anampakata. Halafu mtoto anabadilika rangi, na anafariki.

Nimeisimulia. Na sijutii.

Niseme na haki yake: ni filamu nzuri. Kirby kabla ya kuigiza alikwenda kwenye leba ya hospitali moja London, na mama mmoja akamruhusu akae humo aangalie. Inaonekana. Ule uchungu si wa muvi zile nyingine, ambapo chupa inapasuka dukani, teksi inakimbizwa, mama anapiga kelele mara mbili, kisha mtoto anatoka msafi ana sura ya miezi minne. (Hiyo nayo ina posti yake. Kwa kawaida uchungu unaanza kwanza na chupa inapasuka baadaye. Ikipasuka kabla ya uchungu, njoo kituoni, lakini huna haja ya kuruka mataa barabarani.)

Sasa. Mama mmoja, mimba ya kwanza, wiki ya 35. Mambo yake mengine nimeyabadilisha ili asitambulike, wala sitasema ni kituo gani. Kaja kliniki siku isiyo yake, macho mekundu, hajalala siku tatu. Usiku kucha anahesabu mateke ya mtoto. Kaomba tusikilize mapigo ya moyo, tukasikiliza, yapo vizuri. Akaomba tena. Akaomba tena mara ya tatu. Ndipo akauliza, kwa sauti ya chini: "Dada nesi, mtoto anaweza kuzaliwa analia kabisa, halafu akafa?"

Unajua alikuwa ameona nini. Rafiki yake wa grupu la muvi alimtumia ile filamu na maneno haya: "Shoga, lazima uione hii kabla hujajifungua. Kumi kwa kumi."

Kabla. Hujajifungua.

Nilimjibu ukweli, kwa sababu mgonjwa simdanganyi. Nikamwambia inatokea, na ndiyo maana tunawasisitiza mzalie kituoni. Mtoto akitoka anafutwa, anakaushwa, anasuguliwa mgongo. Asipopumua vizuri tunamsaidia kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ile ya kwanza, ambayo sisi tunaiita dakika ya dhahabu. Nikamwonyesha mfuko wenyewe na mahali unapokaa. Nikamwambia mateke aendelee kuyafuatilia, na akiona mtoto amepunguza kucheza aje hata saa nane za usiku, hakuna atakayemfokea. Akatulia kidogo. Lakini yale mausiku matatu nani atamrudishia? Mama wa wiki ya 35 usingizi wenyewe anaupata kwa shida, anageuka kama mashua.

Alijifungua salama baadaye, kama kuna aliyeingiwa na wasiwasi hapo. Mnaona? Nimewaambia mwisho na hakuna aliyekufa kwa kuambiwa.

(4)

Najua jibu lenu, maana nililipata kwenye posti ya juzi. Mmoja kaandika, "Nesi, sanaa lazima imshtue mtu." Mwingine: "Ukisimulia umeua kazi ya mwongozaji." Mwingine, huyu alinichekesha: "Kwani wewe ni bodi ya filamu?"

Tuanze na kushtua. Mtu akitaka kushtuliwa, ashtuliwe. Mimi pia napenda. Lakini kushtuliwa kuna raha kwa mtu ambaye maisha yenyewe hayajamshtua bado. Kwenye hilo grupu lako la watu 200, yupo aliyezika kichanga mwezi uliopita na hakutangaza. Ninyi hamjui. Mimi namjua, maana nilikuwepo. Yuko humo, anasoma "mwisho umenimaliza", anadhani ni ya mapenzi, anaifungua usiku mume akiwa safari. Huyo unamshtua ili iweje?

Kuhusu kuua kazi ya mwongozaji: kwenye hiyo filamu mtoto anafariki kwenye nusu saa ya mwanzo. Filamu ina saa mbili. Saa moja na nusu inayobaki ni ya mama anavyoishi baada ya hapo: maziwa yanavyomtoka hana wa kumnyonyesha, familia inavyotaka mkunga ashtakiwe, yeye anavyokataa kusukumwa. Ukimwambia mtu "kuna kichanga kinafariki mapema", hujamnyang'anya filamu. Umempa mlango, aingie akitaka au apite.

Na hili la usiri wa mwisho, tuambizane ukweli, ni adabu mliyojitungia nyie wenyewe mnaoziwahi. Bibi zetu walisimulia hadithi ile ile mara mia, kila mtoto anajua sungura atamfanya nini fisi, na bado tulikaa pale mpaka moto ukazimika. Aliyeangalia tamthilia ya Kifilipino tayari kasomewa kipande cha kesho na jirani, na kesho saa ya tamthilia utamkuta palepale.

(5)

Twende kwa watoto, maana huku ndiko kuna maneno.

"Ni katuni tu." Nikisikia hiyo sentensi tena nitaanza kuiandika kwenye kadi ya kliniki kama kihatarishi.

Japani, Aprili 1988, studio moja, Studio Ghibli, ilitoa katuni mbili siku moja, zikaonyeshwa pamoja: tiketi moja, filamu mbili. Moja ni My Neighbor Totoro ya Hayao Miyazaki: wasichana wawili wadogo, mama yao amelazwa, wanahamia kijijini, wanakutana na dude kubwa la manyoya la msituni. Tamu, laini, mtoto anacheka. Ya pili ni Grave of the Fireflies ya Isao Takahata. Hii ni ya kaka na mdogo wake kule Kobe wakati wa vita, 1945. Mji unachomwa kwa mabomu, mama anaungua na kufa, watoto wanahangaika, na Setsuko, binti wa miaka minne, anakufa kwa njaa. Kaka naye hapati nafuu: filamu inaanza na yeye anakufa kwenye stesheni ya treni.

Hebu fikiria familia imekuja kwa ajili ya Totoro.

Hiyo ya pili wapenzi wa filamu wanaipa zaidi ya nane kati ya kumi mpaka leo, na mkosoaji mkubwa wa Marekani, Roger Ebert, aliiweka kwenye orodha yake ya filamu kuu. Anastahili kuamini hivyo. Mimi kama nesi niliiangalia nikitafuta makosa, sikuyapata: vipele, kuharisha, mtoto kupoteza hamu hata ya kucheza, macho yanaangalia lakini hayafuati kitu. Ndivyo utapiamlo mkali ulivyo. Daktari kwenye ile filamu anamwambia kaka kwamba dawa ni chakula, halafu hampi chakula. Nimefanya kazi wodi ya lishe, nililazimika kusimamisha pale nikatoka nje kidogo.

Basi hiyo, kwenye grupu la wazazi wa chekechea, ilitumwa na maelezo haya: "Katuni nzuri ya kaka na dada, inafundisha upendo, 10/10." Hakuna uongo hata mmoja hapo. Na mtoto wa miaka mitano akaangalia mtoto mwenzake wa miaka minne akifa taratibu kwa njaa kwa muda wa saa moja na nusu. Mama yake alikuja kuniuliza kwa nini mtoto ameanza kuficha ugali chini ya mto.

Waingereza nao waliwahi kujikwaa. Watership Down, katuni ya sungura ya 1978, bodi yao iliipa daraja la "U", yaani kila mtu anaangalia. Sungura wenyewe wanararuana, damu, povu mdomoni. Wazazi walilalamika miaka na miaka. Mwaka 2022 ndipo bodi ikaipandisha kuwa PG, ya kuangalia na mzazi. Miaka 44! Waliotishwa nayo wakiwa wadogo tayari wana wajukuu.

(6)

Mtu ataniuliza, mtoto si anasahau?

Inategemea umri, na hapa nawaomba mniazime masikio. Mtoto wa miaka mitatu au minne anaogopa anachokiona kwa macho: meno, macho mekundu, sauti kubwa, mtu anageuka zimwi. Kumwambia "ni uongo, wanaigiza" hakumsaidii sana, mpaka kati ya kweli na kuigiza haujakaa sawa kichwani mwake. Kumkumbatia, kuwasha taa, kuzima muvi, hivyo ndivyo vinavyomsaidia. Wa miaka minane au tisa anajua zimwi halipo. Yeye anaogopa kinachoweza kutokea kweli: mwizi, moto, vita, mama kufa. Kwa hiyo muvi isiyo na zimwi hata moja, ambayo mdogo ataipita amelala, inaweza kumkesha mkubwa wiki nzima. Namba moja ya kumi kwa kumi inawatosha wote wawili kweli?

Chukua The Lion King, ya 1994, ambayo hapa kwetu kila nyumba inaijua kwa sababu Simba ni simba na Rafiki ni rafiki. Baba anakufa, mtoto anaona. Mbaya zaidi, baba mdogo wake anamwaminisha kwamba bila yeye baba angekuwa hai, kisha anamwambia akimbie asirudi. Mtoto wa kawaida atalia kidogo, kisha atacheka na Pumbaa. Lakini mtoto aliyefiwa na baba wiki tatu zilizopita? Watoto wa umri wa miaka mitano, sita wana tabia ya kujilaumu. Niliwahi kukaa na mmoja wodini aliyeamini baba yake alipata ajali kwa sababu yeye alimnunia asubuhi ile. Mtoto wa namna hiyo ukimwekea Simba na kwenda jikoni, umemwacha peke yake na sauti inayomthibitishia alichokuwa anakiogopa. Ukikaa naye, na ukamwambia pale pale kwamba yule mjomba mtu mbaya anadanganya, na mwishoni ukweli unajulikana, filamu hiyo hiyo inaweza kumfanya aongee kwa mara ya kwanza. Ila lazima ujue mapema kwamba kipande hicho kipo. Nani atakujulisha, nyota tano?

Na wale wachanga kabisa, sitaki maneno mengi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo 2019: chini ya miaka miwili skrini haishauriwi kabisa, miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Mtoto wa miaka mitatu au minne anahitaji kulala saa 10 hadi 13, ukijumlisha na usingizi wa mchana. Anayenipa alama za muvi ya "kumtuliza mtoto wa miezi saba" nitamjibu siku nyingine, leo presha yangu iko sawa.

(7)

Sasa yule aliyeuliza kama mimi ni bodi. Bodi zipo. Kenya wana KFCB, inapanga GE kwa kila mtu, PG kwa kuangalia na mzazi, halafu 16, halafu 18. Tanzania tuna Bodi ya Filamu, chini ya sheria ya 1976. Marekani madaraja yalianza 1968. Na nawaambia kitu ambacho watu wa muvi wenyewe wanakijua vizuri: mwaka 1984 zilitoka Gremlins na ile ya Indiana Jones inayoitwa Temple of Doom, zote zikapewa PG. Kwenye Indiana Jones mtu anatolewa moyo kifuani kwa mkono, moyo unadunda. Wazazi wakaja juu. Spielberg, aliyeiongoza moja na kusimamia nyingine, mwenyewe akapendekeza liwepo daraja la katikati, na mwaka huo huo ikazaliwa PG-13. Daraja hilo lisingekuwepo kama wazazi wa mwaka ule wangekaa kimya ili wasiharibu utamu.

Lakini bodi haikai kwenye grupu lako la WhatsApp. Muvi yako umeipata wapi? Umepeleka flashi kwa kijana wa dukani, kakujazia muvi thelathini kwa hela ya chipsi, hakuna hata moja yenye daraja. Au mtoto kaiona kwenye kibanda umiza, imetafsiriwa juu kwa juu, DJ anaongeza na matusi yake, watu wanashangilia steringi. Hakuna bodi itakayoingia humo saa moja jioni. Kilichobaki ni mdomo wa mtu aliyeiona kabla yako. Ndiyo maana mdomo huo nauchokonoa.

Wala sitaki kitu kifungiwe. Nasema hivi kwa sababu kuna mmoja lazima ataandika "nesi anataka tuangalie mahubiri tu". Mimi mwenyewe nikitoka zamu ya usiku naangalia za mauaji, za Kikorea, mpaka saa nne asubuhi.

(8)

Ninachotaka ni hiki, na hakiwagharimu hata bando. Ukitupia muvi kwenye grupu lenye wazazi, andika kwanza umri, kisha andika kile kitu kimoja au viwili ambavyo mama angetaka kuambiwa. Mtoto anakufa? Mama anakufa? Kuna kubakwa? Kuna kujinyonga? Mimba inaharibika? Kuna kipigo cha mke na mume? Sema na ni wapi, mwanzoni au mwishoni. Nani kamuua nani, hazina iko wapi, nani kumbe ni ndugu yake nani, hayo kaa nayo, hatuyahitaji.

Wala si jambo jipya. Kuna tovuti ipo tangu 2010, jina lake Does the Dog Die, yaani "je, mbwa anakufa?" Ilianza na swali hilo moja, kwa watu wasioweza kuvumilia mbwa afe kwenye muvi. Leo mashabiki wenyewe wanajaza majibu ya maswali mengi kwa kila filamu, yakiwemo ya mimba na watoto. Ukijua Kiingereza kidogo, ingia kabla ya kuweka muvi. Na kama unatumia Netflix, mtengenezee mtoto ukurasa wake, weka kiwango cha umri, halafu funga wa kwako kwa namba ya siri. Siyo mwaka wa kuzaliwa, anaujua.

Wale wanaokataa kabisa wana njia yao: fungueni grupu la muvi tupu, wekeni sheria zenu, fichianeni mwisho mpaka mchoke. Nitajiunga. Lakini grupu la kliniki lina jina, na jina lake ni kliniki.

(9)

Najibu maswali machache ya inbox, kisha niwahi zamu.

Aliyeuliza, "Nina wiki 30, Pieces of a Woman nisiiangalie kabisa maishani?" Mdogo wangu, sijasema hivyo. Subiri ujifungue, mtoto akue kidogo, uwe na mtu pembeni. Haiozi.

Baba aliyeandika kwamba mkewe alipoteza mtoto na anataka kuiangalia kwa hiari yake: kama anajua kilichomo na bado anataka, kaa naye. Usimzuie, na usiende kulala. Wapo wanaopata nafuu kwa kuona kuna mtu mwingine ameeleza walichokipitia. Akianza kushindwa kula au kulala kwa zaidi ya wiki mbili, au akisema hataki kuishi, mlete siku hiyo hiyo. Usisubiri tarehe ya kliniki.

Shangazi aliyesema enzi zao waliangalia kila kitu na hawakudhurika: shikamoo shangazi. Naomba umuulize mdogo wako alilala na taa mpaka darasa la ngapi.

Na mama aliyeuliza kuhusu Finding Nemo, ana mtoto wa miaka mitatu na mimba ya miezi saba, muvi tayari iko kwenye flashi: mwanzoni kabisa samaki mkubwa anamla mama yake Nemo, pamoja na mayai yote isipokuwa moja. Ruka hapo. Anzia asubuhi Nemo anapomwamsha baba yake, siku ya kwanza ya shule.